Picha ya harusi, picha ya gazeti, picha ya sanaa: anayesomea upigaji picha chuoni anasoma nini?

Alikuja mzee mmoja kwenye studio yangu hapa Kirumba, Mwanza, akiwa na kijana wake aliyemaliza kidato cha sita. Kijana akatoa shikamoo, akakaa kimya. Mzee ndiye aliyekuwa na neno.

"Mwalimu, huyu anasema anataka chuo cha kusomea picha. Miaka mitatu! Simu anayo, picha anapiga kila siku. Hiyo miaka mitatu anakwenda kusoma nini?"

Ni swali la haki kabisa, na mzee ana sababu ya kuliuliza, maana ada inatoka kwenye samaki. Kinachoniuma ni majibu ambayo watu wa fani yetu huyatoa. Wengine husema picha siku hizi zinalipa. Wengine husema sanaa ni kipaji, haifundishiki. La kwanza linamficha mzazi ukweli, la pili linamvunja moyo kijana, na hakuna hata moja linaloeleza darasani kunafanyika nini.

Fundo linaanzia kwenye neno lenyewe. "Mpiga picha" tunamwita mtu yeyote mwenye kamera, na ndani ya neno hilo zimo kazi tatu zisizofanana. Chukua Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga. Kampuni ya utalii ikikutuma, inataka jiwe, jua linazama, maji yametulia, na chupa ya plastiki isionekane hata moja. Mteja tayari anayo picha kichwani. Unalipwa kwa kuifikia. Huo ni ufundi, na fundi mzuri hapatikani kirahisi. Gazeti likikutuma pale mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda na kuvamia makazi ya watu wa pwani, linataka jiwe lilelile lionyeshe maji yamefika wapi leo. Picha ya wiki jana haifai, na ukiondoa hata jani moja kwa kompyuta umedanganya. Hiyo ni habari.

Sasa fikiria hakuna aliyekutuma. Unarudi penye jiwe hilo kila Jumamosi kwa mwaka mzima kwa sababu kuna jambo linakukera. Pengine ni jina la kansela wa Ujerumani, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga hapa, kung'ang'ania juu ya jiwe la watu wengine hadi leo. Pengine ni ile mistari ambayo maji huiacha kwenye miamba yakishuka. Swali ni lako, na ukikosea hakuna mteja wa kumsingizia. Hapo ndipo ilipo picha ya sanaa. Uzuri wa picha hauitenganishi na zile mbili za kwanza, maana picha ya utalii inaweza kuwa nzuri kuipita. Kinachoitenganisha ni nani aliyeuliza swali.

Ubishi kama kamera inaweza kuzaa sanaa una umri karibu sawa na kamera. Ugunduzi wa Louis Daguerre, yaani njia ya kunasa picha kwa kamera, ulitangazwa Paris mwaka 1839. Miaka 20 baadaye, mwaka 1859, mshairi Charles Baudelaire aliandika kwa hasira kwamba picha ibaki mtumishi wa sayansi na sanaa, isijipandishe cheo. Hoja ya wapinzani ilikuwa rahisi kueleweka, na ndiyo hoja ya mzee wangu: mashine ndiyo inayofanya kazi.

Jibu ninalolipenda kuliko yote lilitoka mahakamani. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya mpiga picha Napoleon Sarony, aliyempiga picha mwandishi Oscar Wilde. Kampuni moja ya uchapaji ilitoa maelfu ya nakala za picha ile bila ruhusa, ikajitetea kwamba picha haina mtunzi, kwa kuwa kamera inanakili tu kilicho mbele yake. Majaji wakakataa. Walisema Sarony ndiye aliyemkalisha Wilde vile, akachagua mavazi na pazia, akapanga mwanga na kivuli, akamtoa yule mtu usoni mwonekano aliokuwa anautaka. Kwa hiyo picha ilikuwa zao la akili yake. Ukiisoma hukumu ile utaona imeorodhesha maamuzi, na maamuzi yale ndiyo mtaala wa mwaka wa kwanza wa chuo chochote cha picha.

Mwanafunzi huanza na mwanga. Vitu vitatu vinauongoza: tundu la lenzi, kasi ya shata (kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga), na ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea. Namba za tundu huenda 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua inapunguza mwanga kwa nusu. Hilo mtu anaweza kulijua kwa wiki moja kwenye YouTube, sitamdanganya mtu. Kazi ngumu ni kujua mwanga wa mahali pako. Mwanza tuko nyuzi kama 2.5 kusini mwa ikweta, jua linapanda karibu wima. Kilele chake hakifiki saa sita. Kinafika saa saba kasoro, na saa ile macho ya mtu yanageuka mashimo mawili meusi. Jioni jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na kidogo, mwaka mzima, tena linazama haraka. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya vinakuambia usubiri mwanga wa dhahabu kwa saa nzima. Hapa ukichelewa kufunga tripodi, umeshauzwa.

Kuna zoezi moja ambalo kila kijana anayekuja kwangu namfanyisha, nalo ni bibi harusi. Shela jeupe, ukuta mweupe, ngozi nyeusi. Kamera ya kujiendesha ikipima fremu ile, haijui nguo wala uso. Inapima mwanga unaorudi na inadhani dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Ikiona weupe mwingi inafikiri mwanga umezidi, inaupunguza. Shela linatoka la kijivu, uso unatoka mweusi usio na umbo, macho hayaonekani. Fundi wa haraka anakwenda kwenye kompyuta, anauvuta uso uwe mweupe, na bibi harusi anapewa albamu ambayo ndani yake amekuwa rangi ya jivu. Nimeziona albamu hizo nyingi. Nimeona mama mzazi akiifungua na kuuliza, "Huyu ni mwanangu?"

Dawa yake ni rahisi ukishaelewa. Pima mwanga usoni, au ukipima fremu nzima ongeza hatua moja au zaidi juu ya pale kamera inapotaka, msogeze bibi harusi penye kivuli cha wazi, kisha weka kitambaa cheupe chini ya fremu kimrudishie mwanga kidevuni. Ngozi nyeusi hung'aa kwa mwanga unaoteleza juu yake kutoka ubavuni, na ukiupanga vizuri utaona kahawia, wekundu na hata buluu ndani yake. Chuo kinaongeza jambo lingine juu ya dawa hiyo, yaani historia ya ugonjwa. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipanga rangi zao kwa kutumia kadi ya Kodak iliyoitwa kadi ya Shirley, yenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Filamu zilipoanza kuboreshwa kwa ajili ya rangi nyeusi na kahawia, sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa samani na chokoleti waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Kijana akilijua hili, ule mshale wa kung'arisha uso kwenye kompyuta hausogezi tena bila kufikiri. Anajua kuna uamuzi wa zamani umefichwa ndani ya mashine, na kwamba anaweza kuukataa. Tofauti ya kusoma na kujifunzia mtaani ninaiona hapo kuliko mahali pengine popote.

Baada ya mwanga unakuja ukuta. Kwangu mimi, ukuta ndio unaofanya chuo kiwe chuo. Picha zinachapwa, hazitazamwi kwenye kioo cha simu. Zinabandikwa, darasa linasimama mbele yake, na aliyezipiga haruhusiwi kusema neno. Wenzake wanaeleza wanachokiona: jicho limeingilia wapi, limekwama wapi, kitu gani kimekatwa pembeni na kwa nini. Mwalimu husema mwishoni. Siku yangu ya kwanza chuoni nilibandika picha niliyoiona ya fahari: wavuvi watatu kwenye mtumbwi, jua nyuma yao, wao weusi ti, ziwa limewaka rangi ya chungwa. Binti mmoja wa darasa letu akauliza, "Hawa ni akina nani?" Nikatamani kujibu, kumbe sina jibu. Sikujua majina yao, sikujua walikuwa wanakwenda au wanarudi, na kwa kuwapiga jua likiwa mgongoni mwao nilikuwa nimewafuta nyuso kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimepiga jua. Sikuwahi kuibandika tena, lakini ninayo, nimeiweka juu ya meza ninayoharirishia.

Watu hudhani sanaa inapimwa kwa picha moja kali. Mara nyingi inapimwa kwa mfululizo. Wajerumani wawili, mke na mume, Hilla na Bernd Becher, walizunguka miaka mingi wakipiga minara ya maji na mitambo ya viwanda vilivyokuwa vinakufa. Kila mara walisimama uso kwa uso na jengo, anga ikiwa na mawingu ili kusiwe na kivuli, kisha wakazipanga picha safu kwa safu. Mnara mmoja peke yake unachosha. Minara 15 pamoja inakufanya uone kila mjenzi alifanya nini tofauti na mwenzake. Bernd alianza kufundisha chuo cha sanaa cha Düsseldorf mwaka 1976, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Andreas Gursky, ambaye picha yake ya mto Rhein, maji na nyasi tu, iliuzwa New York mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4. Bei hiyo siitaji ili kumtamanisha mtu, maana ni ya soko lisilotuhusu. Naitaja kwa sababu Gursky alikiondoa kwa kompyuta kiwanda kilichokuwa ng'ambo ya mto, na akasema wazi kwamba amekiondoa. Mwandishi wa habari angefukuzwa kazi kwa kosa hilo. Msanii aliruhusiwa, kwa kuwa hakuahidi kutuonyesha mto ulivyo siku ile. Kila moja kati ya zile kazi tatu ina ahadi yake, na kosa kubwa ni kutoa ahadi moja na kutimiza nyingine.

Hapo mtu ataniuliza: mbona Seydou Keïta, yule mpiga picha mashuhuri wa Mali, hakusoma chuo? Ni kweli. Keïta wa Bamako alikuwa fundi seremala, akapewa kamera na mjomba wake mwaka 1935, akafungua studio mwaka 1948. Watu walipanga foleni. Aliwapiga uani kwa mwanga wa jua, pazia lake la kwanza likiwa shuka la kitandani mwake mwenyewe, na kwa kawaida kila mteja alipigwa mara moja tu. Leo picha zile zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Kijiji kizima cha wasanii wa Afrika kimetoka kwenye studio za namna hiyo, na sisi wenye studio za paspoti Kirumba na Nyakato ni ndugu zao. Kwa hiyo chuo hakitoi kipaji, hilo nalikubali.

Ila tazama kilichompata. Mwaka 1991 picha zake zilipoonyeshwa New York, ziliandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana. Mtu yuko hai Bamako, kazi yake iko ukutani Marekani, jina halipo. Chuo kizuri kinafundisha mambo yanayoonekana madogo: kuandika jina, tarehe na mahali, kutunza negativu na mafaili, kuandika ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini umefanya kazi fulani, kujua sheria inakulinda wapi. Kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na picha zimo ndani yake. Nilijifunza umuhimu wake kwa uchungu, siku niliyoikuta picha yangu ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwenye bango kubwa la watu ambao sikuwahi kuzungumza nao.

Sheria inamlinda mpiga picha. Anayepigwa naye ana haki zake. Igombe, wakati mmoja, nilikuwa napiga kina mama wakigeuza dagaa kwenye vichanja. Ilikuwa asubuhi, mitumbwi ya usiku imerudi, taa za sola bado zimefungwa kwenye maboya. Mama mmoja akaacha kazi, akanifuata akiwa amejifuta mikono kwenye kanga.

"Mwanangu, hiyo picha yangu unaipeleka wapi?"

Nikamwambia ni ya masomo.

"Na mimi nitaiona?"

Nilimpelekea baada ya wiki mbili, imechapwa. Aliitazama muda mrefu, akasema mkono wake umetoka vizuri. Kweli ulikuwa umetoka vizuri: magamba madogo ya dagaa yamemnasa hadi kwenye kiwiko, yanameta kama vipande vya kioo. Tangu siku ile akiniona ananiita, ananionyesha mahali ambapo jua linapiga vizuri. Picha bora nilizo nazo za Igombe amenionyesha yeye.

Kuhusu wapi pa kusoma, hapa nchini upigaji picha mara nyingi unakaa ndani ya kozi nyingine. Kuna wanaoupata katika uandishi wa habari na mawasiliano kwa umma, fani ambayo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Nyegezi kimeijengea jina kwa muda mrefu. Kuna njia ya sanaa, kama idara ya sanaa bunifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo. Ushauri wangu ni mmoja: usichague kwa jina la kozi. Omba mtaala, hesabu picha imepewa mihula mingapi, uliza kama kazi za wanafunzi huchapwa na kubandikwa, uliza anayefundisha ameonyesha kazi zake wapi. Mwenye uwezo wa kutoka nje ya nchi aifikirie Market Photo Workshop ya Johannesburg, iliyoanzishwa na mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989 ili vijana waliofungiwa milango na ubaguzi wa rangi wapate pa kujifunzia. Zanele Muholi, mpiga picha mashuhuri wa Afrika Kusini, alipita pale.

Na mzazi aambiwe ukweli kuhusu fedha. Wengi wetu tuliosoma bado tunapiga harusi, kipaimara na paspoti, na kazi ya sanaa tunaifanya Jumapili. Cheti hakileti mteja. Kinachobadilika ni kwamba hata ile harusi unaipiga kama mtu anayejua anachokifanya.

Yule mzee nilimweleza yote haya kwa kifupi, sijui kama aliridhika. Kijana nilimpa kazi: niletee kitu cha aina moja, kipige mara nyingi, usimame mahali pamoja kila mara. Alirudi baada ya wiki tatu na picha 32 za mitumbwi ya Mwaloni, upande wa omo tu, yaani mbele, pale yanapoandikwa majina. Alikuwa amesubiri siku za mawingu kama Wajerumani wale, umbali ni uleule, urefu wa kamera ni uleule. Nilizipanga mezani nikaona ni kazi ya mtu makini.

Mzee alikuwa amekuja naye tena. Akainama, akazipita moja moja kimya, akasimama kwenye mtumbwi wa buluu.

"Huu umeuzwa mara mbili," akasema. "Jina la zamani lipo hapo chini ya rangi. Hulioni?"

Kijana akaishika picha, akaisogeza dirishani. Hakikuonekana kitu, buluu tupu. Mzee akaweka kidole: hapa, herufi zilichongwa kwanza ndipo zikapakwa rangi, ukipitisha mkono unazisikia. Nikamwangalia kijana, naye akaniangalia. Mawingu yale aliyoyasubiri kwa uvumilivu ndiyo yaliyolificha jina, kwa sababu mwanga uliotawanyika hauachi kivuli, na mchongo bila kivuli hauonekani. Ulihitajika mwanga wa ubavuni, jua likiwa chini, likipita juu ya ubao kwa kuusugua.

Ila akiupiga mmoja namna hiyo, hautafanana na ile 31. Akiipiga yote upya, kazi ya wiki tatu imekwenda. Alikaa na hilo muda. Mzee ndiye aliyeuliza jua la asubuhi linaigonga Mwaloni kutokea upande gani, na kabla sijajibu akajijibu mwenyewe.

Kesho yake saa moja kasoro walikuwa kule wote wawili.